Jibu: Hoteli zinakuja ufukweni kwetu, tuanzie wapi?

Salaam ndugu. Umeuliza kamati ya shehia yenu huko Jambiani, Unguja, ianze na nini kabla viwanja vya pwani havijaisha. Anzeni na maji. Pwani ile ni mwamba wa matumbawe. Chini yake maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Pimeni visima vyote sasa, muandike na tarehe. Kijijini kwetu hatukuandika. Hoteli ilipochimba, visima vikaingia chumvi na hatukuwa na ushahidi wowote. Kina mama wakawa wananunua maji kwa ndoo. Halafu choreni njia za kushukia pwani na mashamba ya mwani kabla ukuta wa kwanza haujasimama. Mwekezaji akidai hana njia nyingine ya maji, mtajieni kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja: nyumba zake za wageni zinavuna maji ya mvua.