Maswali ya Wasomaji: Kuuza Unga ni Asili ya Mtu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu alikuwa akiendesha bodaboda ya mkataba. Aliposhindwa kupeleka hesabu, tajiri aliichukua pikipiki, na sasa kijana anashinda kijiweni ambako nasikia kete zinauzwa. Shemeji yangu anadai kwamba wapo watu ambao kuuza unga ni asili yao, na hutolea mfano Weusi wa Marekani. Je, ni kweli?
Mama wa Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Mama, shemeji yako ameianza hadithi mwishoni. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali ya Marekani lilichora ramani za miji na kuitia rangi nyekundu mitaa ya Weusi, kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari, na kwa hiyo familia nyingi zikakosa nyumba ya kurithisha watoto au kuweka rehani. Viwanda vya Chicago na Detroit vilipopunguza wafanyakazi, vijana wa mitaa hiyo hawakuwa na pa kuegemea. Kokeini ya kuvuta, yaani kraki, iliwakuta hapo miaka ya 1980. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1986: gramu 5 za kraki zilimfunga mtu miaka isiyopungua 5, ilhali mwenye kokeini ya unga alipata adhabu hiyo kwa gramu 500. Uwiano huo wa 100 kwa 1 ulishushwa hadi 18 kwa 1 mwaka 2010, lakini magereza yalikwisha kujaa Weusi, na wengi wakauona wingi huo kuwa ndio ushahidi wa asili.

Wala waliouza kraki hawakutajirika. Mwanauchumi Steven Levitt na mwanasosholojia Sudhir Venkatesh walipochambua daftari la mahesabu la genge moja la wauzaji huko, waliona kwamba wauzaji wa ngazi ya chini walipata takriban kima cha chini cha mshahara, au pungufu.

Hapa kwetu mlango unaofungwa mara nyingi ni wa mtaji, na kijiweni mtaji hutolewa bila dhamana. Kijana hupewa kete kwa mali kauli, auze kwanza alipe baadaye. Siku akinyang'anywa au akizificha zikapotea, deni linabaki lake, na kuanzia hapo anauza ili alipe. Mwenye mzigo hata kijiweni haonekani.

Kwa hiyo muulize mwanao, mkiwa wawili tu na bila ukali, kama anadaiwa na kama anatumia. Akiwa anatumia heroini, Muhimbili wamekuwa wakitoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu mwaka 2011. Kama hajaingia katika biashara hiyo, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkaulizie mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi, hivyo aanze kuwatafuta wenzake walionyang'anywa pikipiki kama yeye.