Usukani Ukitetemeka, Spana Ikae Chini Kwanza

Wanangu wa gereji, wiki hii tena nimemkuta kijana amelala chini ya Probox, keshafungua tairodi endi zote mbili (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu), na mwenye gari yuko kwenye benchi hajaulizwa hata swali moja. Alisema tu "usukani unatetemeka", kijana akakimbilia spana. Tairodi zilikuwa nzima. Kilichotikisa gari ni tope la njia za Marafa lililokaukia ndani ya rimu ya mbele. Lakini tairodi mpya zilishanunuliwa, na duka gani litarudisha pesa kwa kifaa kilichokwisha fungwa? Jambo hili linaniuma, ndiyo maana nawaandikia.

1. Uliza linatetemeka lini. Likitulia mwendo mdogo halafu likaanza kutetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, hiyo ni balansi ya tairi za mbele, yaani uzito wake hauko sawa pande zote: tope ndani ya rimu, au chuma cha balansi kimedondoka. Mtetemo ukisikika kitini kuliko mikononi, nenda tairi za nyuma. Likitetemeka ukikanyaga breki tu, ni diski za breki. Ukikanyaga mafuta tu na ukiachia linatulia, shika jointi za ndani za drafshafti, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Likitetemeka limesimama na injini inawaka, ni maunti za injini, yaani mipira inayoishika, magurudumu yaache. Na usukani ukicheza kulia kushoto kwa mwendo wa 20 au 30, simamisha gari hapo hapo uangalie nati, kisha rimu iliyopinda, kisha tairi iliyokatika nyuzi ndani.

Dereva wa matatu msikilizeni kwa makini zaidi. Gari lake limefungwa kidhibiti mwendo cha 80, kwa hiyo mtetemo wa balansi hata haumfikii sawasawa. Yeye akilalamika, mara nyingi kuna chuma kimelegea au tairi imeharibika, na nyuma yake wameketi abiria 14.

2. Liendeshe wewe, mwenyewe akiwa kando yako. Lami iliyonyooka ile ya kupita msitu wa Arabuko-Sokoke, ukishavuka Gede, inakuonyesha yote. Mafuta ya safari hiyo ni nafuu kuliko tairodi.

3. Diski. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tulipomuumiza mtu.

Alikuwa dereva wa Noah, akibeba wageni wa Watamu kuwapeleka na kuwatoa uwanja wa ndege. Usukani wake ulitetemeka akishika breki. Tukamfungia diski mpya na padi mpya, tukajaribu gari, limetulia kabisa, akalipa akaenda zake kwa furaha. Baada ya muda akarudi, mtetemo ule ule. Tukamwambia diski zile zilikuwa feki, akanunua nyingine za bei kubwa zaidi kutoka duka jingine. Akarudi tena. Safari hii hakugomba. Aliketi kwenye benchi, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu zangu, mnanifanyia nini?" Wageni wake walishaanza kumwita dereva mwingine. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa pale, na mara zote mbili mimi ndiye niliyesema "fungeni".

Diski hazikuwa feki. Tulizifunga juu ya kutu. Huku kwetu upepo wa bahari unakula kila chuma, na gari linaloshinda karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni ni balaa zaidi. Uso wa habu, kile kitovu cha chuma ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake, unaota magamba. Ukiikalisha diski mpya juu ya gamba, inakaa upande kidogo tu, jicho halioni. Siku ya kwanza gari litatulia. Lakini kila gurudumu likizunguka, diski inagusa padi mahali pale pale hata kama breki haijakanyagwa, na pale panalika. Kilomita zikishakuwa elfu kadhaa, diski ina sehemu nene na sehemu nyembamba, breki inashika na kuachia, na usukani unacheza. Watu husema diski imepinda kwa moto. Mara nyingi haijapinda, imeliwa.

Basi fanyeni hivi, nami nasihi kama baba: futa uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pangusa. Kalisha diski, ikaze kwa nati zake, weka daya geji, ile saa yenye sindano ya kupimia diski inavyoyumba, zungusha. Gari nyingi ndogo zinataka kuyumba kwa diski kusizidi karibu 0.05 mm. Kukizidi, itoe diski, isogeze tundu moja la stadi (bolti ya gurudumu), pima tena. Kabla ya kununua mpya, pima unene wa ile ya zamani. Kipimo cha chini kabisa kimegongwa kwenye diski yenyewe. Dereva yule nilimfungia seti ya tatu kwa pesa yangu, na habu tulizisafisha wote tukiwa tumesimama pale, kila spanaboi akitazama.

4. Alainmenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, haitibu mtetemo. Inatibu gari linalovuta upande na tairi inayoliwa upande.

5. Tairi za mtumba: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na ukishapiga jeki, shika gurudumu kushoto na kulia uitikise, ikicheza, hiyo ni tairodi au raki ya usukani. Juu na chini, ni boljointi au beringi. Sasa ndipo una ruhusa ya kusema tairodi.

6. Rimu za urembo zenye tundu kubwa la katikati hazikai sawa kwenye habu ya 54.1 mm ya Toyota ndogo; tafuta ringi za kuziba nafasi. Nati zikaze kwa kuvuka, si kwa kuzunguka, na mkazo wa mwisho uwe gari liko chini. Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm. Mwambie mwenye gari arudi baada ya kilomita 100 hivi uzijaribu tena. Hata akiwa na haraka ya kuwahi Kilifi, mwandikie kwenye risiti.