Ulinzi wa mzingo au kukaba nje?

SWALI: Nafundisha timu ya kikapu ya shule ya sekondari. Baada ya kufungwa wiki iliyopita niliandika kwenye ripoti: "Ulinzi dhaifu wa mzingo uliathiri utendaji wa jumla wa timu." Nilikuwa natafsiri "perimeter defense", yaani kuwazuia wapinzani wanaotupa kutoka mbali na goli. Mkuu wa shule akaniuliza kama tulikwenda kucheza kikapu au kufanya mtihani wa hesabu. Mwenzangu anasema ningeandika "ulinzi wa pembeni". Lipi sahihi?

JIBU: Mkuu wako ana haki ya kucheka, Mwalimu. Mzingo tumeujua tangu shule ya msingi: unajumlisha pande za mstatili, unaandika jibu kwa sentimita, basi. Hauna mtu wa kukabwa.

"Pembeni" nalo lina mwenyewe. Soka imeshalichukua kwa ajili ya mawinga, na kwenye kikapu msomaji atafikiria zile kona mbili tu, ilhali wewe unazungumzia upinde wote wa pointi tatu, ule uliochorwa mita 6.75 kutoka kwenye goli kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Hadi 2010 ulikuwa mita 6.25. Kila unaposogezwa nyuma, eneo la kukaba linatanuka.

Wachezaji wenyewe husema ndani na nje. "Yule anafunga za nje." "Tunapigwa kutoka nje." Utaambiwa kwamba nje ni mpira ukishavuka mstari wa uwanja. Kitenzi kinamaliza ubishi huo: mpira hutoka nje, mtu hukabwa nje.

Nimesema kukabwa kwa makusudi. Ulinzi ni kazi ya timu nzima, na ni kazi pia ya mzee anayekaa getini na rungu lake. Kukaba ni tendo la mwili, ndugu yake kabali: uko karibu na mtu hadi unasikia anavyohema. Nadhani hilo ndilo lililowashinda vijana wako. Kuhusu "dhaifu", uliliandika vizuri. Halichukui kiambishi, kwa hiyo usikubali wakusahihishe kuwa "ulinzi mdhaifu".

Kinachonikera mimi ni ule mkia, "uliathiri utendaji wa jumla wa timu". Umeathirije? Mkabaji wako wa mbele anapitwa. Senta, yule mrefu wako wa chini ya goli, anaacha mtu wake na kutoka kumziba mwenye mpira. Pasi inaruka hadi kona, kuna kijana amesimama peke yake, hana wa kumnyooshea hata mkono. Pointi tatu. Safari nyingine mtupaji anakosa, lakini senta wako bado yuko huko alikokimbilia kusaidia, kwa hiyo ribaundi, mpira uliogonga goli ukarudi, wanaokota wao. Safari ya tatu senta anachelewa kidogo tu, anagonga mkono wa mtu: faulo. Zikitimia tano, anatoka. Hata ungekuwa na mtu wa mita 2.21 kama Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, pale timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zinapogawana wachezaji wapya, kwa mtindo huo ungeishia kuwa na benchi refu kuliko la wenzako.

Kwa hali hiyo Kiswahili kina neno lililokaa vizuri: kupwaya. Shati hupwaya lisipomkaa mtu, na timu hupwaya kila mmoja anapokimbilia kuziba nafasi ya mwenzake na kuacha ya kwake wazi. Wachambuzi wa soka wanalitumia kila siku. Kikapu nacho kinalihitaji.

Ningeandika hivi: "Tulishindwa kukaba nje. Wakabaji wa mbele walipitwa mara kwa mara, senta akawa anatoka kuwasaidia hadi akamaliza faulo zake tano katika robo ya tatu. Kuanzia hapo tukapwaya ndani na nje." Kama senta wako hakufikisha tano, hicho kipande kifute, maana Mkuu anaonekana kuwa mtu wa kuhesabu.