Moyo wa farasi wa mashindano: namba za kufuatilia na zile za kuachana nazo

Wafundishaji wengi hupima mapigo ya moyo asubuhi, farasi akiwa ametulia bandani, wakitarajia namba ishuke wiki hadi wiki kama inavyoshuka kwa mwanariadha binadamu. Kwa farasi, namba hiyo haisemi mengi. Farasi mzima mwenye afya hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika akiwa amepumzika, na mazoezi huishusha kidogo tu au yasiishushe kabisa. Mapigo ya juu kabisa, yaani 220 hadi 240 anapotoka shoti, nayo hayapandi kwa mazoezi. Kinachobadilika ni wingi wa damu inayotoka kwa kila pigo, na huo hauonekani farasi akiwa amesimama.

Mabadiliko hayaji yote kwa pamoja. Katika wiki mbili za kwanza, maji ya damu huongezeka, ndiyo maana farasi huonekana amepata nguvu mapema hata kabla msuli wa moyo haujakua. Baadaye, kwa miezi ya kazi, chumba cha chini cha kushoto hupanuka na ukuta wake kunenepa. Moyo wa farasi wa kilo 500 huwa na uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Watu hupenda kutaja mioyo ya farasi wawili mashuhuri wa mbio: wa Phar Lap, unaohifadhiwa Canberra, Australia, na wenye uzito wa zaidi ya kilo 6, na ule wa Secretariat wa Marekani unaosemwa kuwa na kilo 10. Huu wa pili haukuwahi kuwekwa kwenye mizani. Ni makadirio ya daktari aliyeuona. Ukubwa husaidia, lakini hakuna anayeshinda kwa moyo mkubwa juu ya miguu mibovu.

Wengu nao una kazi yake hapa. Huhifadhi theluthi moja au zaidi ya chembe nyekundu, na farasi anapoanza kazi nzito au anaposhtuka hujikamua na kuzimwaga kwenye mzunguko. Sehemu ya chembe nyekundu katika damu yaweza kupanda kutoka asilimia 40 hivi hadi 60 na kuzidi. Kwa hiyo damu ya vipimo ichukuliwe farasi akiwa mtulivu kabisa; ikichukuliwa baada ya purukushani ya kumkamata, majibu yatakudanganya.

Sasa, upime nini? Pima kasi anayoifikia moyo unapopiga 200. Mpashe moto kwa dakika 10, kwanza kutembea kisha mchakamchaka. Halafu mkimbize vipande vinne vya dakika mbili mbili, kila kimoja kwa kasi kubwa kidogo kuliko kilichotangulia, na uandike kasi na mapigo ya mwisho wa kila kipande, upate kasi inayolingana na mapigo 200. Rudia kila baada ya wiki nne, uwanja uleule, mpandaji yuleyule, saa ileile ya siku. Joto peke yake hupandisha mapigo kwa kasi ileile, hivyo usilinganishe asubuhi ya baridi na mchana wa jua kali. Kasi hiyo ya mapigo 200 ikipanda, mazoezi yanafanya kazi. Ikishuka, usikimbilie kuulaumu moyo. Anza na miguu, maana maumivu hupandisha mapigo kabla farasi hajaanza kuchechemea waziwazi. Kisha angalia njia ya hewa, homa na upungufu wa maji.

Kifaa cha kupimia hukosea zaidi manyoya yakiwa makavu. Lowesha ngozi vizuri, weka kipokezi kimoja chini ya tandiko upande wa kushoto na kingine chini ya mkanda wa tumbo, nyuma ya kiwiko. Ukiona namba imeruka ghafla karibu mara mbili, kifaa huenda kimehesabu pigo moja kama mawili. Ukitumia stetoskopu, iweke hapohapo nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Sauti mbili zinazofuatana ni pigo moja.

Mapigo yanavyoshuka baada ya kazi ni kipimo kizuri kuliko vyote kwa asiye na kifaa. Katika mbio za masafa marefu za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, 64 kwa dakika ndiyo namba inayojulikana zaidi ambayo mapigo hutakiwa kushukia kwenye vituo vya ukaguzi. Kuna jaribio rahisi la kuongezea: hesabu mapigo, mkimbize mchakamchaka mita 40 kwenda na 40 kurudi, na dakika moja tangu aanze kukimbia hesabu tena. Namba ya pili ikiwa sawa au chini, vizuri. Ikizidi kwa zaidi ya nne, amechoka kuliko anavyoonekana. Na ukiona ubavu unaruka kwa mpigo uleule wa moyo, simamisha kazi na umwite daktari: jasho limeondoa chumvi za mwili, kalsiamu ikiwemo.

Tahadhari tunayoisisitiza kuliko nyingine zote: moyo hutangulia miguu. Kwa wiki sita hadi nane za mazoezi mazuri, mapigo yatakuambia farasi yuko tayari kwa kasi zaidi. Kano na mifupa huhitaji miezi. Ukifuata moyo peke yake, utavunja miguu.

Ukisikiliza moyo wa farasi aliyezoezwa utakuta mambo ya kutisha yasiyo na madhara. Pigo kukosekana kwa mpangilio, tuseme kila la nne, ni kawaida akiwa ametulia, mradi litoweke akianza mchakamchaka. Mvumo mwepesi wa valvu nao hutokea sana kwa farasi wa mbio. Ultrasaundi itaonyesha kama vyumba vimepanuka kupita kiasi. Kinachotisha kweli ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, hasa kwa farasi aliyekata nguvu ghafla katikati ya mbio. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Akiwa amepumzika, idadi kwa dakika yaweza kuwa ya kawaida kabisa, kwa hiyo sikiliza mpangilio, usihesabu tu. Sikiliza palepale, na kipimo cha umeme wa moyo kifanywe siku hiyohiyo, kwani hali hii mara nyingi hujirekebisha ndani ya saa 24 hadi 48 na ukichelewa hutajua kilichotokea.

Mwisho, chakula. Monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha kuku na ng'ombe, huua msuli wa moyo wa farasi kwa kiasi kidogo sana. Usihifadhi vyakula hivyo stoo moja, wala usitumie ndoo moja. Akila, ondoa chakula chote kilichobaki, weka sampuli, mwite daktari saa hiyohiyo hata kama farasi anaonekana mzima, na asifanye kazi yoyote mpaka moyo ukaguliwe, kwa sababu madhara yaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, siku atakaporudishwa mbioni.