Nachoka hata nikiamka asubuhi

SWALI: Shikamoo dada, niko Masasi, hedhi yangu inatoka nyingi mno, naamka nimechoka kama nilibangua korosho usiku kucha, malaria nimepima sina. Shida nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hedhi ndo naishuku, damu ikitoka nyingi kila mwezi madini ya chuma yanakwisha mwilini, ndo uchovu unakuja, na wengi tunaona aibu kumwambia daktari, we mwambie. Kapime wingi wa damu, kwa asiye mjamzito chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu, ila hata ikizidi hapo akiba ya chuma inaweza kuwa chini, ulizia kipimo cha feritini, ndo kinachoonyesha akiba hiyo. Chai ya rangi juu ya kisamvu iache, inazuia chuma, shushia na chungwa. Ukipewa vidonge vya chuma, choo kikiwa cheusi usishtuke.