Mama mkwe na mkahawa wa Kiasia

Ndugu yangu, umeuliza kama umpeleke mama mkwe, anayekuja kutoka Chake Chake, kwenye mkahawa wa Mji Mkongwe unaochanganya mapishi ya Kijapani, ya Kithai na ya kwetu. Mpeleke, ila usimuanzishie sushi, vitonge vya wali vya Kijapani ambavyo mara nyingi huwa na samaki mbichi. Samaki huyo atamsukumia pembeni ya sahani, na habari zake utazisikia mpaka Idi.

Muagizie kari ya Kithai: tui la nazi, pilipili, mchaichai, ndimu. Kwa Mpemba huo ni mchuzi anaoujua, umebadilishwa kanga tu. Jodari huchomwa juu juu, ndani akabaki mwekundu. Mwambie mpishi amuivishe kabisa. Wataguna, waache wagune.

Kubwa zaidi, muulize mhudumu mapema, kwa sauti ya chini, kama mchuzi umetiwa mirini. Ni mvinyo mtamu wa mchele wa Kijapani, hutiwa kwenye teriyaki (mchuzi wa soya wenye utamu), na orodha ya vyakula mara nyingi haiutaji. Kuambiwa "hatupiki nguruwe" hakutoshi.

Bei ziangalie kabla hamjakaa. Akigoma kabisa, Forodhani, bustani ya pwani inayouza vyakula jioni, si mbali, na urojo wenyewe, ule mchuzi mzito wa Unguja, una bajia na kachori za Kihindi ndani yake.