Hita inaanza na joto, kisha inapuliza baridi

Pole sana dada, baridi ya Minnesota si mchezo. Umesema hita yako ya gesi inawaka, inapuliza joto dakika chache, halafu hewa inageuka baridi huku feni ikiendelea. Kwanza tazama themostati, kile kidhibiti joto cha ukutani: feni ikiwekwa ON badala ya AUTO, inapuliza hata moto ukiwa umezimika. Kisha chomoa chujio la hewa. Langu mwaka jana nililikuta limevaa vumbi kama blanketi! Likiziba, hewa haipiti ya kutosha, hita inapata joto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata moto, na feni inabaki ikizunguka ili kuipoza. Ukinunua jipya, fuata vipimo vilivyoandikwa ubavuni, na mshale uelekee kwenye hita.

Kama moto unazimika baada ya sekunde chache tu, nashuku sensa ya moto, kifaa kinachotambua kama moto unawaka, imechafuka. Hiyo mwachie fundi, kuisafisha si kazi kubwa. Na kama mabomba ya hita ya kuvuta hewa na kutoa moshi yanatokea ukutani nje, yaondolee theluji. Ila ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote: toka na watoto, piga simu ukiwa nje.